Shaba Niliyoisugua Ikang'aa

Jumatatu, 4 Mei
Mota ya pampu inachemka kama birika. Umeme inakula, maji ya kisima inayatoa kwa masimango. Bibi yangu ni dobi. Bila maji, mashuka ya nyumba ya wageni yatamwelemea. Kaka yake, shemeji yangu, fundi umeme mwenye diploma na kitambi, kasema mota imesukwa kwa waya mwembamba wa alumini. Isukwe upya kwa shaba: umeme utapita kwa wepesi, utakaopotea kuwa joto utakuwa kidogo. Nikamwambia hilo nililijua kabla hajaota meno. Nimelijua leo.

Jumanne, 5 Mei
Bibi kanipa hadi Ijumaa. Nikishindwa, ufunguo wa karakana ni wa kaka yake. Yaani nipokonywe ufundi wa nyumba hii na mtu anayekoroma amekaa! Waya wa shaba nimenunua. Ila wenye duka wajanja: wameupaka vanishi. Umeme utapitaje kwenye rangi?

Jumatano, 6 Mei
Nimeusugua wote kwa msasa. Vidole vinawaka moto. Shaba inang'aa kama jino la tajiri. Bibi kapita, kauliza natengeneza mota au bangili. Nikamjibu kejeli haifui mashuka.

Alhamisi, 7 Mei
Nimesuka, nimekaza. Mkono wa fundi hauzeeki.

Ijumaa, 8 Mei
Nikawasha mbele ya shemeji, makusudi. Pu. Moshi. Nyumba nzima kiza. Shemeji akacheka mpaka akashika ukuta. Kasema vanishi ndiyo nguo ya waya, inazuia umeme usiruke kutoka mzunguko mmoja wa waya hadi mwingine. Akaniambia: mzee, umezivua nyaya nguo, ukazilaza kitanda kimoja, ulidhani zitasoma gazeti? Bibi hakucheka. Alinyoosha mkono tu. Nikampa ufunguo.

Jumapili, 10 Mei
Shemeji kaisuka kwa shaba yenye vanishi. Maji yanaruka, mota unaweza kuiegemezea shavu, mita inatambaa kama kobe. Bibi kamkalisha kwenye kiti changu. Sawa. Wazo la shaba lilikuwa langu.

Ila nimewaza. Kama joto ni umeme unaopotea, basi mwizi mkuu humu ndani ni pasi ya bibi. Huwezi hata kuigusa, na diploma nzima haijaliona hilo. Kesho bibi akienda kuanika, naifungua. Bisibisi ninayo soksini. Naitia shaba nene, mpaka iwe baridi kama pua ya paka.

Ufunguo ataurudisha mwenyewe, kwa magoti.