Ombi la Kufuta Mbio za Miguu Mitatu

Kwa Mwalimu Mkuu wa shule anayosoma binti yangu

YAH: MICHEZO, MASOMO YA NJE YA DARASA, NA HASA MBIO ZA JUMAMOSI

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na ukiwa umekaa. Kama umesimama, tafadhali kaa kwanza, maana haya ninayotaka kukueleza hayafai kusomwa na mtu aliyesimama.

Mimi ni karani wa masjala katika ofisi ya maji, ile yenye ukuta wa njano nyuma ya shule yako. Nina mtoto mmoja tu, naye yuko darasa la tatu. Jina lake unalo. Nyumbani tunamwita Bi Mkubwa, kwa sababu amebeba jina la mama yangu mzazi, na tangu alipoambiwa hivyo amekuwa akinilea. Malalamiko yangu ni juu ya vipindi vya michezo na masomo ya nje vilivyoletwa na mwalimu wenu mpya, yule ambaye watoto wanamwita Mwalimu Filimbi. Naomba vipindi hivyo visitishwe. Kama haiwezekani kuvisitisha vyote, basi angalau zifutwe zile mbio za miguu mitatu za Jumamosi ijayo, ambapo mtoto anafungwa mguu mmoja na mtu mzima wake, wakakimbia uwanja mzima mbele ya watu.

Usinifikirie vibaya. Sina ugomvi na Mwalimu Filimbi. Ni binti mpole, anasalimia wakubwa kwa adabu, na nasikia hata filimbi yake huifuta kabla ya kuirudisha mfukoni. Lakini ameivuruga nyumba yangu, na nitaeleza kwa mpangilio kama tufanyavyo masjala.

1. Kuhusu ukoo wetu. Sisi ni watu wa kukaa. Babu yangu alikuwa mlinzi wa lango la kiwanda, akakaa mpaka akastaafu, na siku ya kuagwa walimpa kile kiti aondoke nacho, kwa kuwa kilikuwa kimeshakataa makalio mengine. Baba yangu alikuwa mpokea simu, naye alikaa. Mimi niko masjala, na bila kujisifu, hakuna aliyewahi kuniona nikinyanyuka bila sababu ya msingi. Nilikuwa na matumaini makubwa na Bi Mkubwa. Akiwa chekechea aliweza kukaa sehemu moja tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana, majirani wakimpitia na kumsifu. Leo hii mtoto huyohuyo anakula akiwa amesimama kwa mguu mmoja, eti anajifunza kutoyumba. Nikimwambia akae, anabadilisha mguu.

2. Kuhusu mapigo ya moyo. Mwalimu Filimbi amewafundisha watoto kuweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na kuhesabu moyo unavyodunda baada ya kukimbia. Sisi tunaishi ghorofa ya tatu, na lifti iliharibika kabla sijaoa. Basi hakuna anayeingia kwangu siku hizi bila kushikwa mkono mlangoni. Fundi bomba ameshikwa. Mwenye nyumba alikuja kwa hasira zake, akashikwa, akaambiwa akae asiongee mpaka moyo utulie. Ulipotulia alikuwa amesahau kilichomleta, akaaga. Hilo silalamikii. Ninacholalamikia ni kwamba kila jioni nikifika juu, Bi Mkubwa ananipima, kisha anamtangazia mama yake aliyeko jikoni kwamba baba amekuja na moyo wa kuku anayekimbizwa. Kuta zetu ni nyembamba. Asubuhi majirani wananiuliza kama nimeamka salama, na wanauliza kwa huruma ya kweli.

3. Kuhusu mama mkwe. Mama mkwe wangu anaishi nasi, na tumeishi kwa heshima kubwa. Akiingia sebuleni mimi natoka. Nikiingia mimi yeye anajitengeneza vizuri na kuniuliza habari za kazi. Sasa Bi Mkubwa amemwingiza kwenye mazoezi. Kila jioni mama wa watu anafunga nguo kiunoni, anasimama katikati ya sebule na kuinama kutafuta vidole vya miguu yake. Mheshimiwa, kuna mikao ambayo mkwe hapaswi kumwona mkwewe nayo. Nalazimika kukohoa ngazini kabla ya kuingia, na nikikohoa najibiwa nisubiri, bado hawajamaliza upande wa kushoto. Isitoshe, mama mkwe ameacha kulalamikia magoti. Yale magoti ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Nilikuwa nayaulizia, anayaeleza, tunaridhika wote. Sasa tunakaa kimya tukitazamana kama watu wanaosubiri daktari.

4. Kuhusu sisimizi. Siku moja Mwalimu Filimbi alileta darasa zima nyuma ya ofisi yetu kutazama sisimizi wanavyopanda ukuta. Maelekezo, kwa mujibu wa Bi Mkubwa, yalikuwa haya: mtazame kiumbe hai bila kumsumbua, kisha ueleze anachofanya. Sisimizi wakapanda ukuta mpaka kwenye dirisha langu, watoto wakawafuata kwa macho. Nilikuwa nimelala. Sina haja ya kuficha. Ilikuwa baada ya chakula, na faili nililokuwa nimelilalia ni la mambo yaliyokwisha. Watoto hawakunisumbua. Walifuata maelekezo barabara. Walisimama pale kipindi kizima wakinitazama, na mmoja wao, ambaye kwa bahati yangu mbaya ni mtoto wa mkuu wangu wa kazi, alirudi nyumbani akaeleza kwa ufasaha kwamba kiumbe huyo hufungua mdomo anapovuta hewa, na huweza kufukuza nzi bila kuamka. Kesho yake mkuu aliniita. Hakunikaripia. Alisema tu kwamba mwanawe amepata alama zote. Bi Mkubwa, ambaye alinitambua tangu mwanzo, hakuniambia neno mpaka nilipomuuliza. Alisema hakutaka kunisumbua.

5. Kuhusu kiatu. Watoto waliagizwa kuotesha harage kwenye chombo kisicho na kazi nyumbani. Bi Mkubwa alichagua kiatu changu cha kulia cha ofisini, akisema kwa alivyochunguza sikitumii sana kutembelea. Harage limeota. Naambiwa haliwezi kuhamishwa kabla halijakomaa, na sasa naenda kazini na kandambili.

6. Kuhusu muuza nyama. Hapa ndipo penyewe, Mheshimiwa, na naomba uvumilivu wako.

Taarifa ya mbio ilipokuja, mama watoto alikuwa tayari amepangiwa zamu hospitali. Yeye ni mkunga, na wanaozaliwa hawajali Jumamosi. Mama mkwe alisema yuko tayari, lakini mama watoto akamkatalia. Nikabaki mimi. Nilianza kuandaa maumivu ya mgongo. Nilitaka yaanze polepole, yapande katikati ya wiki, na ifikapo Ijumaa niwe nashika ukuta. Nilikuwa bado kwenye hatua za mwanzo kabisa, nimeshika kiuno kidogo tu, Bi Mkubwa aliponijia na kunieleza kwamba mambo yamekwisha. Mwalimu Filimbi amesema hata jirani anayeaminika anaruhusiwa, na yeye ameshazungumza na muuza nyama wa hapo chini, mwenye miguu kama ngazi, ambaye amekubali na kuandikishwa. Kisha akaniwekea mkono begani, mtoto wa darasa la tatu, akaniambia, “Baba, wewe usijisumbue. Utakaa tu pale pembeni utushangilie.”

Mheshimiwa, nilikuwa nimepewa kila nilichokuwa nakitaka, tena bila kuomba. Nilikaa mezani na chakula kikanishinda.

Tangu siku hiyo wanafanya mazoezi uani kila jioni, muuza nyama akishafunga duka. Nawatazama dirishani. Amenunua viatu. Anamwita mwanangu “mwenzangu”. Juzi walifika mpaka kwenye tangi la maji bila kuanguka, na Bi Mkubwa akamrukia shingoni kwa furaha. Mama watoto naye akiagiza nyama siku hizi anaongezewa kipande, eti cha mwanamichezo. Kipande chenyewe ni laini, na nimekila, lakini hakikupita vizuri. Niseme wazi kwamba niliumia, na bado naumia. Kwa hiyo utaona mwenyewe kwamba mbio za miguu mitatu ni hatari kwa usalama wa watoto na kwa usafi wa nyama mtaani.

Kutokana na hayo yote, naomba ofisi yako ichukue hatua. Watoto warudishwe madarasani, na madirisha yanayotazama ofisi ya maji yapakwe rangi. Filimbi ikabidhiwe kwako na itolewe tu wakati wa moto. Somo la kukimbia lifundishwe kwa michoro ubaoni, na mtoto atakayechora vizuri ahesabiwe amekimbia. Sisimizi watazamwe kwenye vitabu, ambako hawapandi kwenye madirisha ya watu. Na kama wazazi wanadai lazima yawepo mashindano, basi Jumamosi pafanyike mashindano ya kukaa: mzazi na mtoto wake, benchi moja, atakayenyanyuka wa kwanza ametoka. Kwa hayo niko tayari wakati wowote, bila mazoezi, na simwogopi muuza nyama yeyote.

Nitashukuru kupata majibu kabla ya Ijumaa. Nifikishie salamu zangu kwa walimu wote, mlinzi wa geti na mama wa jikoni. Msalimie pia Mwalimu Filimbi, na mwambie simchukii, nimechoka tu kukohoa ngazini.

Ni mimi mzazi wako mwaminifu,

Karani wa Masjala, Ofisi ya Maji
(Baba Bi Mkubwa)

Nyongeza. Barua hii nilikuwa nimeshaisaini na kuifunga, imenilazimu kuifungua. Leo jioni nikirudi kazini nimemkuta Bi Mkubwa amekaa peke yake kwenye ngazi za chini, kitambaa cha kufungia miguu kiko mkononi. Muuza nyama ameletewa mzigo wa ng'ombe wawili, hawezi kutoka dukani. Aliponiona alisogea ukutani ili nipite. Hakuniomba, Mheshimiwa. Hata kuniangalia kwa lile jicho la kuomba hakuniangalia. Alisogea tu, kama mtu anavyoipisha meza inayohamishwa.

Niliweka mkoba chini. Kitambaa hakikutosha kwenye mguu wangu, tukafunga kwa tai. Tulianguka mbele ya mlango wa fundi cherehani, tukaanguka tena kwenye kamba ya nguo, tukanyanyuka na shuka la watu. Mama mkwe alitoka akasimama juu ya ngazi, akawa anatupigia makofi ya hatua na kunisema, kwa heshima lakini kwa sauti kubwa, kwamba mguu wa ndani ndio unaotangulia. Safari ya mwisho tulifika kwenye tangi. Bi Mkubwa alinipima mapigo akasema ni ya ajabu, kisha akacheka mpaka akapata kwikwi. Nimeishi naye miaka yake yote, na sijui kama niliwahi kumsikia akicheka hivyo kwa ajili yangu.

Kwa hiyo naomba mbio zisifutwe. Mambo ya kwanza mpaka ya tano yanaweza kusubiri, na la sita naliondoa. Jina la muuza nyama likatwe, liandikwe langu, na tafadhali wewe mwenyewe ndiye umpe taarifa, kwa sababu mimi bado nanunua nyama kwake na yeye anashinda na shoka. Yale mashindano ya kukaa niliyopendekeza pia yasahauliwe, maana kwa jinsi nyonga zinavyoniuma sasa hivi, barua hii naimalizia nikiwa nimesimama.

Jambo la mwisho. Naomba Jumamosi tupangwe kwenye mstari wa pembeni kabisa, wenye majani. Bi Mkubwa ameniagiza kwamba nikiona naanguka, nisijaribu kuangukia nje kwa kumhurumia, maana nitamvuta; niangukie upande wake, atanishika. Nimemweleza kwamba mimi ni mzito. Amesema anajua.