Dawa ya Kiu ya Ukoka

Ridhiwani hakuwa hata amemaliza kushuka kwenye basi pale Kasulu alipoiona riziki yake imesimama ng'ambo ya barabara, imevaa dera, inamwagilia majani jua likiwa utosini.

Ilikuwa Agosti. Maji ya bomba yalikuja kwa mgao, na kila mtu aliyatunza kama mboni ya jicho, isipokuwa Bi Asmahani, muuza vitenge. Binti yake alikuwa anakaribia kuolewa, wakwe wanatoka Tanga, na ukoka wa mbele ya nyumba ulikuwa umegeuka rangi ya mkeka wa zamani.

"Mwidiwe, mama," Ridhiwani akasalimia getini kwa Kiha chake cha kuokoteza. "Hayo majani unayaua."

"Nayanywesha!"

"Jua hili linakunywa maji kabla ya majani. Mimi ni mtaalamu wa nyasi, nimesomea Morogoro." Morogoro aliwahi kupita, amelala, ndani ya lori.

Akatoa begini chupa ya maji ya kijani. Dawa hiyo, alieleza kwa sauti ya mtu anayesoma dua, huondoa kiu ya majani. Ukishaipuliza, ukoka unasahau maji mpaka mvua zirudi. Ndani ya chupa mlikuwa na maji, rangi ya keki na uongo.

"Katoni nzima ipo stendi, mama. Ni wewe tu."

Bi Asmahani akaichungulia chupa, kisha akamchungulia yeye, kuanzia kola hadi viatu.

"Nitaichukua yote," akasema. "Lakini nione kwanza. Chumba cha uani kipo, chakula kipo. Majani yakiwa mabichi siku ya harusi, tunamalizana."

Ridhiwani alitaka kukataa, ila harufu ya samaki, migebuka ya nazi, ikatoka jikoni ikamfunga mdomo.

Kesho yake akapuliza uwanja mzima. Ukapendeza! Mpaka adhuhuri, kuku walipopanda barazani na miguu ya kijani, wakaigonga sakafu mihuri kama makarani.

"Fundi," akasema Bi Asmahani, "dawa imeshika. Ila imeshika kuku."

"Hiyo ni dalili nzuri, mama."

"Basi endelea kukaa."

Sasa ikabidi majani yawe ya kijani kweli, la sivyo pesa ya katoni inaota mbawa. Ridhiwani akazunguka nyumba akiwaza, na nyuma ya bafu, pale maji machafu yalipotokea, akakuta ukoka umenona kama ng'ombe wa tajiri. Akasimama akiutazama. Kumbe!

Tangu siku hiyo hakuna aliyeoga kwa amani. Kila mtu alipewa karai asimame ndani yake. "Usimwage!" Ridhiwani aligonga mlango. Maji ya kuogea, ya kuoshea mchele, ya kusuuzia vyombo, yote aliyabeba mwenyewe akaumwagia ukoka alfajiri kabla jua halijachomoza. Akapiga marufuku kufyeka chini sana, ili majani yajipe kivuli yenyewe. Penye vipara akatandaza nyasi kavu zishike unyevu. Ile dawa akawa anaipuliza upande wa barabara tu, kwa heshima ya biashara.

Viganja vikaota sugu. Siku moja alijikuta amechuchumaa, anausifia ukoka kwa sauti. Akatazama huku na huku kwa aibu.

Siku ya harusi wakwe walivua viatu bila kuambiwa, wakakanyaga ule ubichi wakicheka. Ridhiwani akamfuata Bi Asmahani, katoni begani.

"Umeona kazi ya dawa, mama?"

"Nimeona. Ila umepuliza upande wa barabara. Mbona upande wa pili ndio umestawi zaidi?"

"Ule umepata maji ya kuogea zaidi, mama."

"Kwa hiyo majani yanataka maji ya kuogea."

"Ndiyo. Yaani, hapana."

"Na maji ya kuogea ninayo. Sasa katoni ya nini, baba?"

Ridhiwani akaihamishia katoni bega la pili.

"Nilikujua tangu pale getini," Bi Asmahani akamwambia kwa upole, akimfungia pilau kwenye mfuko. "Lakini mtunza bustani anataka mshahara. Wewe ulitaka kunitapeli tu, na hiyo ni nafuu."

Ridhiwani akapanda basi la Kibondo, aanze upya mahali asipojulikana. Aliposhuka tu, mwanamke mmoja akaukamata mkanda wa begi lake.

"Wewe ndiye Ridhiwani? Mimi Faudhia, mdogo wake Asmahani. Dada amenipigia simu. Ukoka wangu umekufa, kaka yangu!"

Uso wa Ridhiwani ukang'aa. "Usiogope, dada. Nina dawa..."

"Dawa iache hapo hapo stendi," Faudhia akasema, akimvuta. "Twende haraka. Nyumbani nimewakataza watu kuoga mpaka fundi ufike na karai."