Takwimu za Sigara Mlango kwa Mlango

Jumatatu, 25 Mei 2015
Sonapur, kambi yetu vibarua wa kigeni. Bosi wa kambi katangaza shindano. Jumapili ni siku ya kupinga tumbaku, na atakayeleta takwimu za kuaminika kuhusu sigara na afya atapewa kitanda cha chini, kile kilicho karibu na AC. Cha chini! Nina miaka arobaini na sita. Nimeshaanguka kutoka kitanda cha juu mara mbili, goti limevimba. Tatizo ni Cyrus, mlinzi Mkenya ninayekaa naye chumba kimoja. Naye anakitaka.

Jumanne, 26 Mei
Shemeji Emiliana kanitumia takwimu kwa WhatsApp kutoka Moshi. Kati ya kila wavutaji mia, mia na tatu wanakohoa. Namba nzuri, ina uzito. Nikamsomea Cyrus ili akate tamaa. Akauliza hao watatu wa ziada wametoka wapi. Nikamwambia ni wageni. Kacheka mpaka tukapanda basi la kazini.

Jumatano, 27 Mei
Khalas, basi, nitahesabu mwenyewe. Nimepita na daftari kuuliza nani anavuta. Wote wamekana, na ghorofa nzima inanuka moshi! Elisante, mlokole wa chumba cha jirani, kanieleza kwamba watu wanahofia majina yatapelekwa kwa kafeel, yule mwajiri anayeshikilia viza zetu. Yeye kweli havuti, hajawahi.

Alhamisi, 28 Mei
Dawa yao nimeipata. Anayekiri kwamba anavuta, nampa sigara moja. Pakiti mbili. Foleni imefika kwenye ngazi! Nimeuliza arobaini, wamekiri arobaini. Elisante alikuwa wa thelathini na nane. Alisema hataki kuniangusha, akaivuta palepale, akakohoa mpaka machozi. Cyrus hakuja. Alikwenda kwa nesi Peninah pale zahanati kuomba kijitabu. Mvivu huyo, anaokota hesabu za wenzake.

Jumapili, 31 Mei
Nimesimama mbele ya watu wote. Asilimia mia moja ya niliowauliza wanavuta. Bosi akavua miwani, akauliza nimewapataje. Nikaeleza mbinu yangu kwa fahari. Kisha akasema taratibu, "Gervas, hizo sigara umewapa wewe." Kitanda kapewa Cyrus, kwa karatasi moja aliyonakili, chini kaandika namba zimetoka wapi. Na jengo zima litapimwa mapafu Ijumaa, siku yetu pekee ya kupumzika. Kwa sababu yangu! Hakuna anayenisalimia. Nimeumia, si utani.
Jioni Elisante kaja kuuliza kama kuna iliyobaki. Anasema ni ya mwisho. Jana pia alisema hivyo.

Jumamosi, 6 Juni
Jana tumepimwa, foleni kuanzia asubuhi, watu wananikodolea macho. Huku juu ni joto, goti linawaka. Kule chini Cyrus kajifunika blanketi, eti anasikia baridi. Nimetafakari sana kosa langu. Nimelipata: nilichelewa kuanza.
Bosi katangaza shindano jingine, la takwimu za kisukari. Mshindi atachagua kitanda anachokitaka. Safari hii Cyrus hanipati. Nimeshanunua soda arobaini, na Elisante kajiandikisha wa kwanza.