Ukuta wa Zahanati na Presha ya Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimeamua. Ukuta wa zahanati ya Litapunga ni wangu. Tangu Obadia alete mashine yake ya kuchapa mabango pale Kashaulili, brashi zangu za kuandikia mabango kwa mkono zimekauka hadi zinachoma kama miba. Maduka yote yamemkimbilia yeye.

Sasa amekuja mtafiti kutoka chuo, dada mpole anaitwa Verdiana. Anachunguza kwa nini wagonjwa wa presha hawaelewi maelezo ya dawa, na maelezo gani mepesi yatawaingia. Mimi niandike karatasi moja, Obadia nyingine. Wagonjwa watagawiwa nusu kwa nusu. Ijumaa ya wiki ijayo wataulizwa walichoelewa, kisha watapimwa. Karatasi itakayoshinda itapanda ukutani.

Kwa rangi! Naapa.

Jumanne, 10 Juni

Nimeandika. Verdiana alitupa maneno ya daktari: meza kidonge kimoja kila asubuhi, hata ukijisikia mzima. Mazuri, ila mafupi. Nimeyapima kwa ukuta, upande wa kulia unabaki mweupe kama kinywa kilichong'oka meno. Nikaongeza "baada ya kula ukashiba". Sasa mstari umekaa.

Mke wangu Emelyne kaniuliza nani kaniruhusu kumwongezea daktari maneno. Nimemwambia ni suala la mizani. Kauliza mizani ya nini, karanga?

Karatasi ya Obadia ina picha ya mzee wa Kizungu anacheka na tufaha. Litapunga nani ana tufaha? Nitalala vizuri.

Alhamisi, 12 Juni

Bahati iliyoje. Karatasi yangu moja imemwangukia mama mkwe wangu, Mama Thacienne! Ana presha ya siku nyingi, ila hakosi dawa na presha imetulia. Mgonjwa wa namna hiyo ni goli lisilo na kipa. Lakini mimi siachi kitu kijiendee.

Nimepanda bodaboda mapema hadi kwake Litapunga, nimefika wanatenga chai na viazi. Mama mkwe kanimiminia mimi, yeye kaenda kukaa kwenye mkeka karibu na mlango. Nimemsomea karatasi. Kairudia neno kwa neno, kama katekisimu. Tumerudia hadi jua likawa kali. Hajagusa hata kiazi. Mama yule ana usikivu wa ajabu.

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda juzi, jana, na leo kabla ya misa. Asubuhi kabisa, maana karatasi inasema asubuhi.

Emelyne kaniambia niache kwenda saa ya chakula. Nikamjibu utafiti hauna saa. Kasema kuna jambo mama yake hawezi kunitamkia. Nikasema basi atamke yeye. Kasema jambo lenyewe halitamkwi, mwanamume mzima hulijua. Nimekaa kulifikiria hadi jioni. Halikuja.

Mama mkwe anashikashika kisogo. Nadhani ni kusoma sana. Nitapunguza kidogo, nianze na mistari ya mwisho.

Jumatano, 18 Juni

Nimekutana na Obadia sokoni. Kanisalimia "shikamoo mzee wa brashi", ilhali tumezaliwa mwaka mmoja. Kasema nikishindwa ana kazi ya kumshikia ngazi. Nimemwambia amwonee huruma yule Mzungu wake, tufaha litamwozea mkononi. Watu wamecheka. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Litapunga nakwenda kila asubuhi bado. Mama mkwe sasa anaikariri hata nikimwamsha.

Ijumaa, 20 Juni

Siku yenyewe.

Mama mkwe kaikariri karatasi yote bila kukwama. Nikamtazama Obadia. Verdiana akamvisha kipimo mkononi. Presha juu. Akasubiri kidogo, akapima tena. Juu zaidi. Obadia akakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa.

Verdiana hakupaniki. Alivuta kigoda, akamwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe, siyo ya karatasi, asubuhi zake zimekuwaje. Mama mkwe akatazama chini. Akanitazama mimi. Nikamkonyeza kumtia moyo. Nikanong'ona, "Baada ya kula..."

Ndipo akasema, "Mwanangu, karatasi inataka nile nishibe ndipo nimeze. Nitakulaje, na mkwe amekaa mbele yangu kila asubuhi?"

Akina mama kwenye benchi wakaziba midomo kwa khanga.

Nikajitetea kwamba mila naijua, mama mkwe hali mbele ya mkwe, lakini kidonge si chakula. Akajibu taratibu, "Kiazi ni chakula, mkwe wangu. Na ukiondoka, asubuhi imekwisha. Wewe ndiye uliyeandika asubuhi."

Tangu Alhamisi ile hajameza hata kimoja.

Verdiana akauliza hiyo shibe ilitoka wapi, maana dawa ile humezwa hata bila kula. Nikamweleza habari ya upande wa kulia wa ukuta. Hakucheka. Afadhali angecheka. Akamwambia mama ameze pale pale, nami nikatoka nje mwenyewe kabla sijatolewa. Nimesimama nyuma ya zahanati. Mama yule angeweza kuanguka, kisa nilitaka mstari ujae.

Obadia naye hakupona. Nusu ya wagonjwa wake walikuwa wanatafuta tufaha la kumezea.

Uamuzi: sote tuandike upya. Baada ya wiki mbili mama atapimwa tena, na presha ikishuka kwa karatasi yangu mpya, ukuta ni wangu. Sharti moja. Verdiana kanisihi, kwa heshima zote, mama aachwe ameze peke yake.

Jumamosi, 21 Juni

Nimefuta shibe. Upande wa kulia mweupe, basi. Nitachora ua.

Emelyne kasema nimpelekee mama kitenge cha kuomba radhi, kwa mkono wa mtu mwingine, na nikae mbali. Nimekubali yote bila ubishi. Kaniuliza kama kweli nimeelewa. Nimemrudishia kwa maneno yangu mwenyewe, kama Verdiana anavyotaka: mkwe asionekane mama anapokula.

Asionekane. Hapo ndipo nilipokosea, na ni rahisi kurekebisha. Kesho alfajiri nakwenda Litapunga, nitachuchumaa nje, chini ya dirisha la jikoni. Hataniona kabisa. Nitasikiliza tu kama amemeza. Nisiposikia, nitabisha hodi.