Dumu la Petroli Lililoshikwa na Baridi

Njooni mketi, enyi watu wa Kibondo na Kasulu, nanyi mliohamishiwa huku kwa barua za serikali mkaja mkilia. Acheni jembe, zimeni simu, mwenye kikohozi akohoe amalize kabisa, maana ninayotaka kuyanena ni mazito: ni habari za Josepha binti Ildefonsi, Mbeba Dumu, Mshinda Mafiga, aliyetembea hatua arobaini na moja katika mwezi wa Julai, mwaka wa elfu mbili na kumi na tatu, nchi ikasalimika.

Zahanati yenyewe siitaji, kwani mganga mfawidhi wake yu hai na hasira anazo. Huyo ndiye Khatibu, mtu wa Tanga, aliyepangiwa kazi katika milima yetu akaja na mashati mepesi manne. Na baridi ya Julai ilipomkamata alivaa sweta juu ya sweta, hata wagonjwa wakamwonea huruma. Basi pikipiki ya chanjo ikagoma kuwaka asubuhi tatu mfululizo, na Khatibu, badala ya kumwita fundi, akaupima ugonjwa wake mwenyewe akaitibu pikipiki. Akatangaza mbele ya wote, "Petroli imeshikwa na baridi! Ipashwe moto!"

Ndipo dumu la lita ishirini, lisilo na kifuniko ila kipande cha nailoni kilichofungwa kwa uzi, likatolewa stoo kwa heshima zote na kuketishwa katika jiko la wauguzaji, yaani ndugu wanaowapikia wagonjwa wao, shubiri tatu kutoka kwenye mafiga, chini kabisa ya tangazo la herufi nyekundu: WEKA MBALI NA MOTO. Na tangazo hilo alilibandika Khatibu huyo huyo, aliporudi semina. Jamani, nisemeje mimi?

Asubuhi ya nne akaingia Josepha na sufuria yake kumpikia uji bintiye Elieth, mzazi wa siku mbili, aliyelala na kichanga chake nyuma ya ukuta mmoja tu wa jiko lile. Kuni za wenzake zilikuwa zimekwisha kuwaka, moto unanguruma. Josepha akasikia harufu. Akageuka, akamwona adui: dumu limevimba mashavu, nailoni imetuna mdomoni. Akapiga hatua kuliendea.

Lakini mlangoni alisimama Gasper mlinzi, Ngao ya Stoo, Hofu ya Wezi ambao hawajawahi kuja, rungu mkononi na sigara mdomoni. Akanena, "Simama hapo hapo, mama! Hilo ni dumu la serikali. Halisogezwi bila barua ya daktari, na daktari yuko kwenye kikao."

"Kikao cha nini?"

"Cha usalama mahali pa kazi."

Josepha akaweka sufuria chini, akajifunga kitenge kiunoni, akahutubia kama ifuatavyo: "Yewe Gasper, nisikilize! Mimi nimezaa saba, nimezika wawili, na nyuma ya ukuta huu yuko mjukuu wangu aliyeiona dunia juzi. Hili likilipuka, hiyo barua ataisoma nani? Zima sigara, mwanangu. Nanyi akina mama, tokeni nje, mmoja akawatoe wazazi wodini! Sogea, nimesema!"

Gasper akaitazama nailoni, akaitazama sigara, kisha akafanya mbio ambazo hakuwahi kumfanyia mwizi yeyote, akaizamisha sigara katika ndoo ya maji kule mwisho wa ua na kubaki huko huko.

Naam, Josepha akalishika dumu kwa mikono miwili, wala hakulitikisa, wala hakukimbia, ingawa miguu ilimwomba akimbie. Hatua ya kumi akaupita mlango. Hatua ya ishirini na tatu nailoni ikapiga fsss, petroli ikamchuruzika vidoleni, na majeshi yote ya wauguzaji yakapiga yowe, yeye akasema tu, "Nyamazeni, mnanichanganya." Hatua ya arobaini na moja akalituliza kivulini, nyuma ya choo cha zamani, mbali na moto na mbali na watu.

Hapo kikao kikatoka nje chote. "Nani kalitoa dumu?" akanguruma Khatibu. "Si litapata baridi tena?"

"Daktari," akajibu Josepha, "una sweta mbili. Vua moja ulivishe."

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Na Khatibu, haki ya Mungu sisemi uongo, aliipapasa sweta ya juu, akawa anawaza.

Mchana akatuma taarifa wilayani: "Kufuatia maazimio ya kikao, dumu limehamishwa." Jina la Josepha halimo! Ndiyo sababu nimepandisha sauti leo, vizazi vijue kwamba kikao hakikubeba kitu. Aliyebeba ni mwanamke mmoja wa Kiha, pekupeku, bila barua.

Naye jemadari, walipokwisha kuwarudisha wazazi wodini, aliingia machozi yakimtoka, akanyoosha mikono amchukue mjukuu wake. Elieth akakunja pua, akamvuta mtoto kifuani.

"Mama, unanuka petroli. Kanawe kwanza."

Akaenda akanawa.