Redio Iliyosalimia

Kila neno hapa ni kweli tupu. Naapa kwa meno yangu yote, ya kuzaliwa na ya kununua. Atakayenikamata na uongo hata wa ukubwa wa ukucha, nitainywesha meza hii nzima rakia, pombe yetu kali, na Dobri atapewa mara mbili, maana ndiye mwenye kiu na mashaka kuliko wote.

Basi. Stamen wa hapa Sliven alikuwa na mdomo mtamu. Aliwahi kumuuzia padri kengele ya kanisa la padri mwenyewe. Majira yale ya baridi alikuwa na shida moja. Mama mkwe wake, Tsveta, alimwachia nguruwe amnenepeshee kwa ajili ya Krismasi, naye Stamen akamuuza. Mama huyo alishatamka: akija asikute nguruwe, anaondoka na binti yake.

Fursa aliiona buchani. Gancho muuza nyama alikuwa akilalamika kwamba shemeji yake ameringa tena kwenye chama cha waunda redio. Hizo ni redio za kujiundia nyumbani: valvu moja ya kioo iwakayo kama taa ndogo, waya uliozungushwa kwenye kopo, na kitasa cha kuirudisha sauti nyuma ijikuze yenyewe. Ukikizungusha kwa ustadi, unanasa mbali. Ukizidisha, redio inapiga mluzi kama birika.

"Gancho ndugu yangu," Stamen akasema, "mimi nimeunda inayonasa stesheni ya Ankara, Uturuki, kama iko chumba cha pili."

"Wewe? Hata mlango wa kwako umeushikiza kwa kamba."

"Mlango haunasi Ankara."

Gancho akafikiri huku akipangusa kisu. "Nikiipeleka shindanoni nikasema nimeiunda mimi, nani atajua?"

"Mimi tu. Na mimi, kwa nguruwe mmoja mzima, nasahau upesi."

"Nguruwe mkubwa?"

"Kusahau kwangu kunategemea kilo."

Stamen akaenda nyumbani, akachukua kisanduku cha mbao, akabandika juu valvu iliyoungua na kopo la maharage lililozungushiwa waya, kisha ndani akaficha redio ndogo ya mfukoni. Ankara ikaimba. Kazi yote ilichukua muda wa kunywa kahawa, na kilichomchelewesha ni kahawa.

Siku ya shindano theluji ilikuwa imekata umeme mji mzima. Chama kikakusanyika mchana ghorofa ya chini ya maktaba, mishumaa mezani, na hakuna aliyejali, kwa kuwa redio zao zilikula betri. Nguruwe alifungwa nje ya dirisha, na kamba yake Stamen alishakabidhiwa. Ndilo lilikuwa sharti lake: nguruwe kwanza, Ankara baadaye.

Gancho akaiweka redio mezani kama yake, Stamen kando akijifanya msaidizi, na Ankara ikaja safi. Mwenyekiti, Bibi Raina, mshonaji mstaafu, akasikiliza hadi mwisho wa wimbo. "Vizuri," akasema. "Sasa isalimie."

"Imsalimie nani?" Stamen akauliza.

"Redio yangu." Akaonyesha redio kubwa ya mbao aliyorithi kwa baba yake, imechomekwa ukutani upande wa pili wa chumba. "Hizi zetu ukizidisha kitasa, mluzi unaruka na kuingia redio ya jirani. Ndivyo tunavyozitambua. Isiyosalimia si ya kwetu."

Kitasa cha Stamen kilibandikwa kwa gundi na hakikuunganishwa na chochote hapa duniani.

"Ina aibu mbele ya wageni," akasema.

"Zote zina aibu, mwanangu. Zungusha."

Akazungusha, jicho moja mlangoni. Redio ya Bibi Raina ikapiga mluzi mrefu hadi mbwa wa mtaani wakaitika. Aliyeshtuka kuliko wote ni fundi mwenyewe.

"Tumepata mshindi," Bibi Raina akasema. "Hongera, Gancho."

Gancho akavua kofia. "Mama, dhamiri inanisuta. Redio hii kaiunda Stamen. Mimi nimeibeba tu."

Wakampigia makofi. Makofi pekee aliyowahi kupata Stamen maishani yalikuwa ya shavuni, kwa hiyo haya yalimlegeza. Akaweka mkono kifuani, akainama. "Kazi ya mikono yangu miwili," akasema.

"Basi desturi unaijua," Bibi Raina akasema. "Mwenye sherehe ndiye anayetulisha."

Wote wakageukia dirishani. Nguruwe naye akawatazama. Gancho akafungua mkoba. Alikuwa amekuja na visu vyake vyote, jambo lisilo la kawaida kwa mtu anayekwenda kusikiliza redio.

Stamen akafungua mdomo akane. Akaviangalia visu, akaufunga.

Walipofika kwenye mbavu, akamnong'oneza bibi: "Lakini mama, ililiaje?"

Bibi Raina akainua kitambaa cha meza. Mapajani pake palikuwa na redio nyingine, ya kujiundia mwenyewe, valvu ikiwaka. "Gancho alitwambia siku ileile uliyotoka buchani. Yako ina aibu, nikaisaidia kusalimia."

Stamen akarudi nyumbani na kombe la mshindi: valvu iliyoungua, imepigiliwa kwenye kibao. Tsveta, aliyefika na basi la jioni, akaligeuza huku na huku, akauliza linachemshwa muda gani. Kisha akamwambia binti yake afungashe mizigo.

Hiyo ndiyo habari yote, na hakuna nilichoongeza.

"Ngoja kwanza," Dobri akasema. "Umeme si ulikatika mji mzima?"

"Mji mzima."

"Na ile redio kubwa ya bibi ilichomekwa ukutani."

Meza nzima ikanigeukia, wakinitazama vilevile walivyotazamwa nguruwe wengi kabla yangu. Nikainua mkono kumwita mhudumu.

"Rakia kwa wote," nikasema. "Ya Dobri, mbili."