Bibi Tulizo na Mafundi Wawili

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kumi na tisa bila kusemezana na kaka. Tumepeana mgongo, cherehani yake dirishani, yangu mlangoni. Kati yetu mita moja na nusu. Nimepima kwa futi. Mkasi wa maana ni mmoja tu, ule ambao marehemu mama alimwachia kaka. Akimaliza kuutumia anauweka pembeni mwa meza, anakohoa. Nikimaliza mimi nauweka, nakohoa. Wateja wanadhani tuna mafua.

Chanzo ni koti nililoshona. Nililipiga picha nikalirusha kwenye kundi la familia. Kaka akajibu kwa vikatuni vitatu vinavyocheka mpaka machozi, akauliza kama mkono wa kushoto umeshonewa mtu mwingine. Mbele ya binamu wote! Nikamjibu kwa maneno ambayo uso kwa uso yasingenitoka hata kwa viboko. Nikamalizia kwamba mama alimpa mkasi kwa kumhurumia. Kisha nikajitoa kundini kwa kishindo. Mpaka leo hakuna aliyenirudisha.

(Mkono ulikuwa mrefu kweli. Kidogo.)

Mchana mke wangu kaniletea habari: kaka kapata chumba kingine cha kazi, Jumamosi anahamisha cherehani. Nikasema afadhali, nitapata dirisha. Kisha chakula kikanishinda.

Jumanne, 4 Juni

Niombe radhi? Mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na minne? Thubutu! Nina njia bora. Nimefungua akaunti mpya: Bibi Tulizo, mshauri wa ndugu waliokosana. Picha nimeipata palepale kazini, ya yule bibi mwenye miwani kwenye kalenda inayoning'inia juu ya cherehani ya kaka. Sura ya upole kabisa. Nani atamjua?

Nimemwingiza Bibi kwenye kundi la mtaa. Ameandika kwamba ndugu wakikosana, mkubwa ndiye wa kuanza. Haikupita nusu saa, kaka akamwandikia faraghani! Anasema mdogo wake ni mkaidi, afanyeje? Simu yangu ikalia, nikaruka kitini. Nyuma yangu kaka akakohoa, na mkasi hata hakuwa nao.

Jumatano, 5 Juni

Bibi amemshauri ampelekee mdogo wake chai, sukari vijiko viwili. Saa nne kikombe hiki hapa, pembeni mwa meza. Vijiko viwili! Mimi ni hodari.

Nikanogewa. Bibi akashauri mdogo apewe nafasi ya dirishani. Kaka akauliza Bibi amejuaje kwamba kuna dirisha. Jasho jembamba! Bibi akajibu kwamba vyumba vyote vina madirisha. Kaka akakohoa mpaka akafuta machozi. Maskini, mafua yamemshika kweli.

Alhamisi, 6 Juni

Leo si siku ya kucheka. Kaka amemwandikia Bibi kwamba habari za koti hazimsumbui. Linalomsumbua ni lile neno kuhusu mama. Usingizi umempaa. Anajiuliza isije ikawa kweli, kwamba mama alimpa mkasi kwa kumhurumia tu.

Niliisoma nikiwa na pini mdomoni. Nyuma yangu cherehani ilikuwa kimya. Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta, mara sita. Mwishowe Bibi akajibu kwamba mama alimpa mkasi kwa sababu alipokuwa na miaka kumi na miwili alikata mapazia ya nyumbani, akamshonea mdogo wake suruali ya shule. Mdogo analijua hilo miaka yote, na aliandika ule upuuzi kwa hasira.

Nikatuma. Ndipo nikajiuliza Bibi kayatoa wapi mapazia.

Nyuma yangu mtu akapenga kamasi. Sikugeuka. Hata mimi nilikuwa na shughuli na leso.

Ijumaa, 7 Juni

Kaka kamuuliza Bibi swali moja tu: je, huyo mdogo anaweza kuyasema hayo kwa mdomo wake? Bibi akajibu kwamba mdogo ana haya. Kaka akaandika kwamba basi kesho cherehani inahama. Nikaanza kumwandikia jibu refu, tamu, lenye mantiki. Katikati ya sentensi simu ikazimika. Chaji imekwisha! Na umeme hakuna!

Nikasikia anaanza kufungasha nyuzi zake kwenye boksi.

Nikageuka. Nikasema, kaka, nisamehe. Sauti ilinitoka kama bawaba iliyokauka mafuta. Akasimama na bunda la uzi mkononi. Akasema hata yeye alikosea kunicheka mbele ya watu, angeniambia hapahapa. Kisha akachukua futi, akaniambia nilete hilo koti. Mkono ulikuwa umezidi inchi moja na nusu! Tuliufumua pamoja tukaushona upya, na mkasi ulipita mkono kwa mkono bila mtu kukohoa.

Jumamosi, 8 Juni

Cherehani haikwenda popote. Tumezigeuza zote mbili, sasa tunatazamana. Nina furaha mpaka nashona vifungo nikiimba.

Kaka amenirudisha kundini. Anasema anamshukuru sana Bibi Tulizo, kisha akaitazama kalenda akacheka peke yake kwa muda mrefu. Masikini ya Mungu, hajui lolote.

Jumapili, 9 Juni

Bibi Tulizo ana wafuasi mia mbili na kumi. Mimi kumi na mmoja, mke wangu akiwemo. Wanamsifu kwa hekima! Hekima ya nani? Nimekasirika. Nimefungua akaunti nyingine, Babu Msemakweli, amkosoe hadharani. Picha nimeipata kwa kufunua ukurasa wa Julai wa kalenda ileile.

Babu ameanza kwa kutangaza ni yupi fundi bora kati ya wale ndugu wawili. Kaka akawa wa kwanza kujibu: vikatuni vitatu vinavyocheka mpaka machozi. Mbele ya mtaa mzima!

Hili lazima tulizungumze kama watu wazima. Kesho atakuwa ameketi mbele yangu, uso kwa uso.

Nitamtumia ujumbe.